Tumbo la Mbwa wa Jane

Peckham, London
Jumanne, 14 Oktoba 1975

Dada Zainab,

Kaa kwanza. Kama umesimama jikoni, zima jiko, vuta kiti, ndipo uendelee kusoma. Umekaa? Haya. Nina mbwa ndani ya nyumba.

Najua unalolisema sasa hivi, nakusikia kutoka huko huko Portsmouth. Ngoja nimalize. Jane wa mlango wa pili, yule yule Jane aliyekwenda na mimi ofisi ya uhamiaji sijui mara ngapi, akabishana na makarani mpaka ukapewa ruhusa ya kuja wewe na wanao, ameanguka kwenye ngazi na nyonga imevunjika. Nilikuwa narudi kutoka kazini stesheni, nikawakuta wanamweka kwenye machela. Uso umempauka, hana rangi. Katika maumivu yale hakuuliza pochi wala funguo. Alininyooshea kamba ya mbwa, akasema, "Ameir, niangalizie mpaka nirudi." Nikaipokea. Wewe ungefanyaje?

Anaitwa Rufus. Ni mzee, rangi ya chai ya maziwa, masikio yamemwangukia. Nimempa roshani, nimemtandikia blanketi na kumwekea mbao za kumkinga na upepo. Chumba ninamosali anakiona kwa mbali tu. Mambo ya twahara usiwe na wasiwasi nayo, nimejipanga. Shida yangu ni tumbo lake. Jane aliniambia kuwa ni dhaifu tangu udogo wake, na chakula chake ni cha kopo la namna moja tu, nami nampa hicho hicho. Siku za mwanzo alikuwa mzima. Sasa tumbo linanguruma mpaka nalisikia nikiwa chumbani na redio inasema. Anatafuna majani huko chini, anatapika povu, anaharisha. Nashuka naye na kupanda naye kutwa, maana lifti imeharibika tena.

Na hili ndilo linalonikosesha raha. Amekuja mpwa wake Jane kutoka Bristol, kamkuta Rufus kajikunja anatetemeka. Akasema mbwa huyu anateseka, na shangazi akitoka hospitali hataweza kumuuguza. Atarudi Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Akimkuta bado yuko hivi, atampeleka akachomwe sindano ya kutoamka. Na wauguzi wananiambia Jane hakubali kufanya mazoezi ya mguu mpaka watamke jina la Rufus. Jana nilikaa kando ya kitanda chake, akaniuliza, tumbo la Rufus likoje? Nikamwambia halina neno. Uongo mkavu, Dada, tena mbele ya mgonjwa.

Wewe umelea Nasra na lile tumbo lake la kuchagua. Ulikuwa unampa nini? Niandikie upesi.

Nduguyo,
Ameir


Portsmouth
Alkhamisi, 16 Oktoba 1975

Ameir,

Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Mbwa. Wewe, uliyekuwa ukizunguka mtaa mzima wa Malindi usipite nyumba ya yule Mgoa kwa sababu ya kijibwa chake, leo unatandika blanketi. Mama angekuwa hai angeomba maji.

Lakini kwa Jane, nimenyamaza. Siku niliyoteremka kwenye ndege na wanangu sikuwa na koti, na koti nililovaa kwenda nyumbani lilikuwa lake. Kwa hiyo nisikilize vizuri, na usijitie ujuzi.

Tumbo likichafuka, liache lipumzike. Nusu siku mpe maji tu. Halafu chemsha mchele mpaka uvurugike, uwe laini kama uji mzito. Chemsha kuku, toa ngozi, toa mafuta, toa mifupa yote, mchambue umchanganyie kidogo. Hakuna chumvi. Hakuna bizari. Nakujua wewe mkono wako, kitunguu na kitunguu thomu usimwekee hata harufu yake. Maziwa mwiko. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, usimrundikie sinia akafagia. Boga la kuchemsha linasaidia, ukilipata. Akitulia, mrudishie chakula chake cha kopo kwa kuchanganya, leo kijiko, kesho viwili, mpaka tumbo lizoee. Nasra nilimlea hivyo na sasa anakula hata mawe.

Na mpeleke kwa daktari wa wanyama. Mimi najua watoto, sijui mbwa.

Dadako,
Zainab


Peckham
Jumanne, 21 Oktoba 1975

Dada,

Gumu. Limetoka gumu. Naandika kwa heshima zote, lakini hapa London sina mtu mwingine wa kumweleza furaha hii. Ijumaa nilimpa maji, Jumamosi mchele wako na kuku wako, na Jumapili asubuhi pale chini penye nyasi, mbele ya watu wanaokwenda kanisani, Rufus alifanya choo kama mbwa wa picha. Nilipiga makofi. Mama mmoja mwenye kofia akaniangalia, nikamwambia good morning na nikaendelea kupiga.

Basi na daktari nimempata. Anaitwa Surinder, Singasinga wa Nakuru, ana zahanati yake karibu na njia ya basi. Niliingia nikaanza kujiumauma na Kiingereza changu cha tumbo, akanikata kwa Kiswahili, akaniambia nieleze vizuri, yeye amekua na ng'ombe na mbwa, hashangai kitu. Amempapasa Rufus kila mahali. Amesema moyo mzuri, mapafu mazuri, meno si haba. Na mchele na kuku akavisifu, nikamwambia daktari wangu yuko Portsmouth.

Sasa ngoja. Jana kikarudi kile kile. Maji matupu, na tumbo linapiga ngoma. Nikarudi kwa Surinder mbio, akasema, kuna kitu kingine mbwa huyu anakula, nyumbani kwako au nje, kitafute. Nikaapa kuwa hakipo. Akasema tu, kitafute.

Nikakitafuta, Dada, na nimekipata. Unamkumbuka Lata, wa ghorofa ya juu yetu, wale waliotoka Upanga? Leo jioni nimejibanza nyuma ya mlango wa ngazi na Rufus kamba mkononi. Namwona Lata anateremka, ncha ya sari imefunika kitu. Rufus mkia unakwenda. Kafunua: chapati. Nimemkamata na kidhibiti mkononi. Ati kwao chapati ya mwisho ya jioni ni ya mbwa, mama yake alifanya hivyo na bibi yake pia. Upanga walikuwako mbwa wa mtaa, hapa kampata Rufus peke yake. Nimemwambia mbele ya watu waliokuwa wakipanda kwamba chapati zake za samli zinamuua mbwa wa mgonjwa. Amefunika chapati yake, akarudi juu.

Kesi imekwisha. Rufus amepona, ni suala la siku tu. Mpwa wa Jane na aje.

Nduguyo mwenye furaha,
Ameir


Portsmouth
Alkhamisi, 23 Oktoba 1975

Ameir,

Furaha yako nimeiona, lakini kumfokea mwanamke wa watu kwenye ngazi sikukufunza mimi. Kama ni kosa, ungemfuata kwake ukamweleza kwa uzuri. Mtu anashusha chakula ghorofa nzima kumpelekea mnyama, huyo si adui yako.

Na jambo moja umelipita kama hulioni. Uliniambia twahara umejipanga. Umejipangaje? Nataka kuwaleta wapwa zako kukutembelea, na nataka kujua nitasali wapi. Nijibu hilo, usinijibu choo cha mbwa tu.

Zainab


Peckham
Jumatatu, 27 Oktoba 1975

Dada,

Nilijisifu mapema. Lata hajashuka tena tangu siku ile, chapati hakuna, na Rufus amezidi. Jana hakula kitu mpaka adhuhuri. Ametapika kitu cheusi kidogo, nikaingiwa na hofu. Surinder amempa dawa ya kutuliza tumbo, kampima tena, na anakuna ndevu. Anasema haoni ugonjwa, anaona kitu kinachoingia kila siku. Mimi nakesha kumwangalia, sioni mtu.

Na Jumamosi ndiyo hii.

Leo nilikwenda hospitali. Jane alikuwa amesimama. Amesimama, Dada, ameshika kile kigari chake cha chuma, katoka kitandani mpaka dirishani na kurudi, jasho linamtoka, na uso unang'aa. Akaniambia nikifika nyumbani nimwambie Rufus kuwa mama yake ametembea mpaka dirishani. Nikasema nitamwambia. Nilitoka nje nikashindwa kupanda basi, nikatembea kwa miguu njia yote. Yule mama anajifunza kutembea upya ili arudi kwa mbwa, na mimi hapa mbwa anamalizika mikononi mwangu.

Kuhusu twahara, nakujibu, na hapo huna la kunilaumu. Rufus haingii chumbani kwangu. Nguo za kumshikia ni mbali, nguo za sala mbali. Na bakuli lake, kila akishamaliza kula, naliosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Sijaruka hata siku moja, hata siku nilizorudi kazini nimechoka hoi. Udongo wa kuchimba hapa hakuna, ni lami na saruji tupu, basi nimenunua dukani mfuko wa udongo mweusi mzuri wa kupandia maua. Nimeuweka roshani uwe karibu na bomba. Wa kwanza umekwisha, niko kwenye wa pili. Kwa hiyo ukija utasali kwa raha.

Niombee dua, na mwombee na Rufus, kama inafaa.

Ameir


Portsmouth
Jumanne, 28 Oktoba 1975

Ameir,

Barua yako nimeipata asubuhi hii, na hii naiandika nimesimama posta, kalamu ya kuazima. Acha unachofanya. Nenda roshani, uuchukue huo mfuko, uutoe nje ya nyumba. Nenda sasa, kisha urudi usome.

Umeutoa? Sasa niambie wewe mwenye akili. Bakuli moja, konzi moja ya udongo. Mfuko mzima unakwishaje kwa wiki mbili? Nani anaula?

Rufus analala wapi? Roshani. Mfuko uko wapi? Roshani. Mfuko huo huo ninao mimi, nimepandia mchicha kwenye ndoo zangu hapa uani. Siku niliyoununua mwenye duka alinionya nisiuache wazi kama nina mbwa au paka, kwa sababu wametia mbolea, mifupa ya kusagwa na damu iliyokaushwa. Mbwa huinusa akaona ameandaliwa karamu. Na wewe umemwekea kando ya blanketi, na ulipokwisha ukamnunulia mwingine.

Halafu twahara yenyewe. Damu ni nini, Ameir? Umekuwa ukitwaharisha kwa najisi. Na jingine, hili limenifanya nicheke peke yangu mpaka karani wa posta ameniuliza kama niko salama. Saba na udongo ni kwa chombo unachotaka kukitumia wewe. Bakuli la mbwa ni la mbwa. Ulikuwa unataka kulia wali kwenye bakuli la Rufus?

Mpe maji mengi. Mchele na kuku kama mwanzo, kidogo kidogo. Mwambie daktari Surinder kila kitu, usione haya. Na kabla ya magharibi uende kwa Lata.

Jumamosi haijafika bado. Fanya haraka.

Dadako,
Zainab


Peckham
Jumapili, 2 Novemba 1975

Dada, Dada, Dada,

Nianze wapi. Barua yako ilinikuta Jumatano natoka kazini. Nilisoma mstari wa kwanza mlangoni, nikakimbia roshani na koti mwilini. Rufus alikuwa amelala, pua imo ndani ya mfuko. Imo ndani, na ndevu zote nyeusi. Mimi wiki zote nilikuwa nikimpangusa ule weusi nikidhani ni uzee.

Surinder nilipomweleza aliweka miwani mezani, akainama, mabega yanamtetemeka. Nikadhani analia. Alipopata pumzi alisema tangu Nakuru mpaka London hajapata kukutana na mbwa aliyeugua kwa usafi wa mwenyeji wake. Halafu akanishika mkono akaniambia nisihuzunike, nimpe siku, tumbo likiachwa litarudi.

Kwa Lata nilikwenda na kilo ya maharagwe ya kijani, sijui kwa nini maharagwe, ndiyo yaliyokuwa mbele yangu sokoni. Nimemwomba radhi mlangoni. Akanieleza kwamba Jane anajua habari ya chapati miaka mingi. Kipande kidogo, kikavu, samli hakuna, kwa sababu ya lile lile tumbo. Kumbe alimjua Rufus kuliko mimi. Nimekuwa mdogo, Dada, ningeweza kupita chini ya mlango wake. Akacheka, akachukua maharagwe.

Sasa Jumamosi. Alkhamisi Rufus alikunywa maji na kula vijiko vitatu. Ijumaa akala bakuli na kutafuta jingine. Jana asubuhi mpwa wa Jane kabisha hodi, na gari liko chini linamngoja mbwa. Nikamwambia karibu, shuka naye wewe mwenyewe ukaone. Tukashuka wote. Tukasimama kwenye nyasi, mimi, yeye na Lata aliyejitia anakwenda dukani na haendi. Rufus akazunguka. Akanusa. Akazunguka tena. Mpwa anaangalia saa.

Gumu, Dada. Gumu na la heshima. Lata ndiye aliyepiga makofi safari hii. Yule kijana akainama kumtazama Rufus, akampapasa kichwa, akasema, "He looks like his old self," yaani amerudi yule Rufus wa zamani. Akaenda zake Bristol, kiti cha nyuma kitupu.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu cha mtaa wa pili, nikampigia simu muuguzi amwambie Jane kwamba Rufus anamsalimu. Safari hii sikusema uongo.

Nduguyo,
Ameir


Portsmouth
Jumatano, 5 Novemba 1975

Ameir,

Alhamdulillahi. Nimewasomea watoto barua yako mezani, Nasra chai imemtoka puani.

Usilewe furaha. Chakula cha kopo kijiko kijiko. Na Jane akirudi umwambie ukweli wote, hata ule uongo wa hospitali. Mtu aliyetupigania namna ile hatuwezi kumficha kitu.

Zainab


Peckham
Jumapili, 16 Novemba 1975

Dada yangu,

Jane amerudi. Wamemleta jana mchana kwa gari la hospitali, na lifti, nayo ina utu wake, ilikuwa inafanya kazi. Mimi na Rufus tulisimama kwenye ujia tukingoja. Rufus alimsikia Jane kabla mimi sijamwona. Nilishika kamba kwa mikono miwili nikimwambia taratibu, bwana, taratibu, mama ana nyonga mpya. Hakuruka. Alimwendea hatua moja moja, akaweka kichwa juu ya viatu vyake, akabaki hapo anatetemeka. Jane alilia, muuguzi akalia, na Lata kwenye ngazi analia na chapati yake mkononi. Na mimi nililia, kwa nini nikufiche.

Nimemweleza yote. Kuharisha, mpwa, sindano, uongo wangu, bakuli, mara saba, mfuko. Alicheka mpaka akashika nyonga na muuguzi akanikataza kuendelea. Kisha nikampa kamba, nikamwambia apumzike, nikageuka kwenda kwangu kama kawaida. Akaniita.

"Ameir," akasema, "miaka kumi na moja unanibebea kapu mpaka hapa mlangoni, halafu unageuka. Kila Krismasi nakukaribisha, kila Krismasi una haraka. Nilikubali zamani kwamba hunipendi, una adabu tu."

Dada, nilikosa pa kuweka uso. Huyu amesimama na mimi mbele ya serikali yake mwenyewe, na wakati wote huo anaamini hivyo. Nikamwambia si wewe, Jane, si wewe hata kidogo, ni Rufus. Nikamweleza mate, nguo za sala, udhu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sasa kwa nini hukusema? Ningemfungia chumbani unapokuja. Ni mlango mmoja tu wa kufunga."

Nikavua viatu nikaingia. Lata alimpeleka Rufus chumbani, Jane akakaa kwenye kiti chake, akanionyesha kiti changu. Na ukutani, juu ya meza ya kulia, kando ya picha ya marehemu mume wake, kuna picha yako. Ile siku ya Heathrow, umevaa koti lake, Nasra kakushika kidole. Ameitia fremu ya mbao nzuri, ameitundika ukuta ule ule ambao kwa upande wangu nimeegemeza kitanda changu.

Nilikaa mpaka wakati wa magharibi.

Ameir